"Nyumba haishuki bei" na mengine tunayoambiana Dar

Kila kijiwe cha Dar es Salaam kina mtu mwenye hakika kwamba nyumba haijawahi kumtupa mwenyewe. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipoanza kuulizia bei za nyumba zilizokwisha kuuzwa badala ya zile zinazotangazwa.

"Nyumba haishuki bei."
Waulize waliokuwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwapa waathirika wa bonde hilo viwanja huko Mabwepande. Nani atanunua nyumba yenye mstari wa tope ukutani kwa bei ya jana? Au nenda Kimara. Mwaka 2017, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, zilipigwa X kisha zikavunjwa kupisha upanuzi. X ikishachorwa, hakuna tena bei ya kuizungumzia. Aliyekuwa safu ya pili ndiye aliyeamka anatazama lami. Kwa hiyo hata ile ya "barabara ikija bei inapanda" ni nusu ya habari. Inategemea bikoni yako, ile alama ya mpaka wa kiwanja, iko upande gani.

"Nimejenga kwa milioni 120, basi nyumba ni ya milioni 120."
Hii ndiyo inayowaumiza wengi. Kuta hazipandi bei. Bati linapauka, mabomba yanaziba, na ukiwa karibu na bahari chumvi inakula nondo. Kinachopanda ni kiwanja: kiko umbali gani na lami, maji yanatoka, karatasi zake zikoje.

Kwenye karatasi ndipo penye kazi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini; wewe una haki ya kuikalia tu, mara nyingi kwa hati ya miaka 33, 66 au 99. Sasa chukua nyumba mbili pacha, moja ina hati, nyingine ina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Ya kwanza mnunuzi anaweza kuikopea benki. Ya pili inamsubiri mwenye fedha zote mkononi, na hao ni wa kuhesabu.

Kuna nyumba naijua Tabata: vigae mpaka ukutani, dari la jipsamu lenye taa za rangi. Gari linaishia kwa jirani. Friji iliingia mabegani mwa vijana wanne. Wateja wanalisifia dari, wanakunywa soda, wanaaga.

"Nilinunua 50, nikauza 90. Faida 40."
Tuseme ulinunua 2012, dola ikiwa karibu shilingi 1,580, ukauza 2022 ikiwa takriban 2,300. Milioni 50 zilikuwa kama dola 31,600. Milioni 90 ni dola 39,000 na kidogo. Kwa shilingi umepata asilimia 80, kwa dola hazifiki 25, na hapo hujatoa kodi, udalali wala fundi wa paa.

"Kigamboni? Subiri tu, itapanda."
Ilikwisha kupanda kwa maneno. Mpango wa mji mpya ulitangazwa 2008, na wenyeji wakakaa miaka hawajui wajenge au waache. Daraja lilifunguliwa Aprili 2016, lakini wengi walikuwa wameuziwa viwanja kwa bei ya daraja hata nguzo hazijasimama. Walichokuwa wanakisubiri walikwisha kukilipia.

"Jirani kauza 150, na mimi sishuki hapo."
Uliiona hati ya mauziano, au ulisikia? Mwenye nyumba alitaka 130. Dalali akaweka cha juu chake, tangazo likasema 150, maongezi yapo. Baada ya miezi 14 na wateja wasiohesabika, ikaenda kwa 118. Mtaani inayokumbukwa ni ile 150.