Nani huchagua timu za hoki ya vyuo Marekani?

Kila Machi lawama ni zilezile: kamati ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, imewabeba wakubwa. Kwa hoki ya barafuni ya wanaume, hilo si kweli. Nafasi za mashindano ya ubingwa wa taifa ni 16 tangu 2003. Mabingwa wa ligi sita huingia moja kwa moja, na kumi zilizobaki zilikuwa zikijazwa kwa hesabu iitwayo PairWise, ambayo shabiki yeyote mwenye kompyuta aliweza kuipiga mwenyewe.

Kila timu ililinganishwa na kila nyingine. Tuseme umemfunga mwenzako mara mbili: una pointi mbili. Yeye akikuzidi kwa RPI, yaani kipimo cha ushindi na ugumu wa ratiba, na pia kwa matokeo dhidi ya wapinzani wenu wa pamoja, mko 2-2. Hapo RPI hukata shauri, nawe unalala. Inauma, lakini hakuna aliyekuonea.

Msimu wa 2025-26 ukaleta hesabu mpya, NPI, mahali pa PairWise. Kura za maoni za kila wiki kuhusu ubora wa timu? Hazihesabiwi kabisa.

Mkono wa kamati uko kwenye upangaji: nani anacheza wapi. Timu mwenyeji wa kituo cha mechi za mtoano ikifuzu hubaki kwake, hata kama mpinzani wake ana nafasi ya juu zaidi. Mimi ningelalamikia hapo.