Ovalodi ikikata, usiizungushe juu

Mota nyingine ya pampu ya maji imeungua, safari hii kwenye mji mdogo njia ya Njombe. Nafungua paneli, sanduku la umeme la mota: ovalodi, kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, imezungushwa mpaka mwisho, alama ya bisibisi bado mbichi. "Ilikuwa inakata ovyo, injinia, tukaiongeza kidogo." Hiyo "kidogo" nimeisikia Mbeya, nimeisikia Iringa, nimeisikia Mafinga. Nimechoka nayo.

Ovalodi haikati ovyo. Mota ya kilowati 37, volti 400, hula kama ampea 68. Fezi (moja ya nyaya tatu zinazoilisha umeme) ikipotea, mbili zilizobaki zinabeba mzigo wote na ampea zake zinapanda karibu mara 1.7. Bomba likipasuka bondeni ni yale yale: pampu inasukuma maji mengi kuliko ilivyopangiwa, mota inazidiwa. (Wengi hudhani kubana valvu ndiko kunakoilemea mota. Kwa pampu za sentrifugali, zinazorusha maji kwa gurudumu linalozunguka, ni kinyume.) Chukua klampu mita, ile ya kubana waya na kusoma ampea, pima fezi zote tatu, ndipo uniambie "ovyo".

Kwenye sta-delta, njia ya kuwasha mota kubwa kwa hatua mbili, mambo ni mabaya zaidi. Ovalodi ikifungwa chini ya kontakta kuu (swichi kubwa ya mota) inapitiwa na asilimia 58 tu ya mkondo, kwa hiyo kwa mota hiyohiyo ovalodi inatakiwa ipangwe ampea 39. Nakuta 68, eti kibao cha mota ndivyo kinavyosema! Ije ikate, mota imeshanuka.

Mimi kila paneli ninayochora naweka rilei ya fezi, inayozima mota fezi ikipotea. Mhasibu akiifuta kwenye makadirio, naiandika tena.

"Kisima kikikauka, ovalodi si itakata?" Haikati. Pampu isiyo na maji haina mzigo, ampea zinashuka, sili, zile za kuzuia maji yasivuje, zinaungua kimya kimya. Weka elektrodi za kupima kina cha maji, zizime pampu kisima kikikauka.

"Mbeya baridi, mota haiwezi kupata joto." Baridi inasaidia, sikatai. Lakini mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mota na draivu (vifaa vya kubadili kasi ya mota) za kawaida zimepangiwa mwisho mita 1,000. Hewa nyepesi haipoozi vizuri. Tena baridi hiyo ya Juni na Julai huacha matone ndani ya paneli. Funga hita ndogo.

Na draivu kuokoa umeme? Kama tenki liko kilimani mita 80, hizo 80 hazipungui kwa kuzungusha mota polepole. Ukizidi kuipunguza, maji hayafiki tenkini, yanachemkia ndani ya pampu.