Jinsi ya kuona nuru za kaskazini ukiwa katika jiji kubwa

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei 2024, nuru za kaskazini (aurora) zilionekana London, Chicago, Florida na hata Mexico. Dhoruba ya sumaku iliyozileta ilifika G5, daraja la juu kabisa, lililokuwa halijafikiwa tangu Oktoba 2003. Hata hivyo, usiku kama huo mtu anaweza kukaa nje saa nzima, anga ikiwa safi, asione kitu. Kosa la kawaida ni kuinua macho utosini na kusubiri pazia la kijani kama lile la picha za Norwei.

Kwa mtu wa jijini kusini, nuru hizi ni nyekundu na ziko chini, upande wa kaskazini. Sababu iko kwenye umbo la Dunia. Kijani hutolewa na oksijeni iliyo kati ya kilomita 100 na 150 juu. Nyekundu hutolewa na oksijeni hiyohiyo, lakini kuanzia kilomita 200 hadi 400 na zaidi. Atomu inayotoa mwangaza huo mwekundu huhitaji karibu dakika mbili kabla ya kuuachia; huku chini kwenye hewa nzito hugongwa na nyingine na kupoteza nishati yake mapema. Sasa, kitu kilicho kilomita 110 juu huonekana kutoka umbali wa kilomita 1,200 hivi, na kilicho kilomita 400 juu huonekana kutoka zaidi ya kilomita 2,200. Ukiwa mbali, mviringo wa Dunia huficha sehemu ya kijani na kukuachia kichwa chekundu cha pazia. Nyoosha mkono mbele yako, ukunje ngumi: ngumi moja ni kama nyuzi 10. Tafuta ndani ya ngumi mbili za kwanza juu ya upeo wa macho.

Latitudo ya ramani nayo hudanganya, maana kinachohesabiwa ni umbali wako kutoka ncha ya sumaku. Chicago na Roma ziko karibu nyuzi 42 kaskazini zote mbili, lakini ncha ya sumaku imeegemea Amerika ya Kaskazini, kwa hiyo mtu wa Chicago ana nafasi kubwa zaidi.

Watu wengi hufuata kipimo cha Kp, kinachokwenda kutoka 0 hadi 9. Ni kizuri kwa kujua ukubwa wa dhoruba, lakini hujumlisha saa tatu nzima, na kwa anayetaka kujua kama atoke nje sasa hivi kimechelewa. Tunashauri utazame Bz, yaani mwelekeo wa kaskazini au kusini wa uga wa sumaku uliobebwa na upepo wa Jua, mkondo wa chembe zenye umeme zinazotoka kwenye Jua. Hupimwa na setilaiti zilizo kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani kuelekea Jua, kwa hiyo onyo unalopata ni la kati ya dakika 15 na saa moja. Bz ikiwa chanya, mlango wa nishati hiyo kuingia kwenye uga wa Dunia umefungwa, hata kama upepo huo unavuma kwa nguvu. Ikishuka hadi hasi 20 nanotesla (kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) au chini yake na kubaki hapo, huku kasi ya upepo wa Jua ikizidi kilomita 600 kwa sekunde, vaa koti utoke. Utabiri wa siku mbili kabla huweza kukosea saa ya kuwasili kwa saa nyingi, basi usiupangie usiku wako wote.

Nenda ukingo wa kaskazini wa jiji, ili taa zote ziwe mgongoni. Ukibaki kusini mwa jiji, utakuwa unatazama nuru kupitia mwanga wa mji mzima. Ziwa, bahari au shamba wazi upande wa kaskazini hufaa sana. Yape macho dakika 20 hadi 30 ya giza bila kufungua simu. Hata hivyo, macho usiku hayahisi wekundu vizuri. Mara nyingi utaona kijivu au weupe hafifu, na kamera ndiyo itakayoonyesha rangi.

Simu iweke kwenye stendi au ukuta, modi ya usiku, sekunde 3, na utumie kipima muda ili kidole kisiitikise. Kwa kamera, fungua lenzi hadi mwisho, weka ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 800 na sekunde 2, kisha ongeza polepole. Ukianza na sekunde 10 jijini, picha yote itageuka rangi ya chungwa. Fokasi ifanye kwa mkono juu ya nyota angavu. Mizani ya rangi iweke kelvini 3,500 hadi 4,000, kwani ya otomatiki hujaribu kusahihisha wekundu huo na kuufuta.

Kabla ya kushangilia, piga picha ya pili baada ya dakika moja. Mwanga wa jiji hubaki ulivyo. Nuru hubadilika, na mara nyingi huwa na mihimili iliyosimama wima. Wingu linaloangazwa na taa huficha nyota, ilhali nuru huzipitisha. Wekundu uliosambaa sawasawa picha nzima, hadi kwenye miti, ni kasoro ya mpangilio wa kamera.

Nuru huchangamka kwa dakika 10 au 20, kisha hufifia. Zikizimika wakati Bz ingali hasi, baki hapo, hasa karibu na usiku wa manane.