Orodha ya Shughuli za Seneti: maana yake na jinsi ya kuisoma

Ukiwasha runinga Jumanne alasiri ukute kikao cha Seneti ya Kenya kinaendelea, usishangae kumsikia Spika akitangaza kwamba shughuli nambari 8, 9, 10 na 11 zimeahirishwa, kisha karani anaita nambari 12. Zinapitwa kama vituo ambavyo matatu haina abiria wa kushusha. Nambari hizo zimetoka wapi, na kwa nini zinarukwa?

Zimetoka kwenye Orodha ya Shughuli, ambayo wengine huiita Ratiba ya Shughuli. Ni karatasi inayotolewa kwa kila kikao, ikipanga kwa nambari yale yote yatakayoletwa mbele ya maseneta: hati zitakazowekwa mezani, hoja zitakazojadiliwa na ya nani ni ipi, mswada gani umefika hatua gani. Anayeipanga si karani peke yake. Ipo Kamati ya Shughuli za Seneti, ambayo mwenyekiti wake ni Spika mwenyewe, na Alhamisi Kiongozi wa Walio Wengi husimama kuwaeleza wenzake wategemee nini wiki inayofuata.

Watu wengi huiita Seneti bunge la juu, na wabunge wa Bunge la Kitaifa hukasirika wakisikia hivyo. Katiba ya 2010 haisemi juu wala chini. Inasema tu kwamba Bunge lina nyumba mbili, na kwamba Seneti kazi yake ni kuwakilisha kaunti na kulinda maslahi yake. Shika hilo la kaunti, kwa maana ndilo linaloeleza mambo mengi yanayoonekana kama vituko ukumbini.

Vikao vya kawaida hufanyika Jumanne, Jumatano na Alhamisi, saa nane u nusu mchana, na Jumatano huwa pia na kikao cha asubuhi. Spika huingia akitanguliwa na mpambe aliyebeba fimbo ya mamlaka, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita siwa. (Siwa ya asili ni pembe la kupulizwa la Lamu na Pate, kwa hiyo hata jina hilo lina heshima zake za zamani.) Husomwa sala, kisha akidi, yaani idadi ya chini ya waliopo inayoruhusu kikao kuanza, huangaliwa. Akidi ya Seneti ni maseneta 15. Wasipofika, Spika huamuru kengele ipigwe kwa dakika kumi, na wale waliokuwa kwenye kahawa huanza kuingia mmoja mmoja wakiinamisha kichwa kuelekea kiti cha Spika.

Sehemu ya mwanzo ya orodha hupita haraka: taarifa za Spika, ujumbe kutoka Bunge la Kitaifa, ardhilhali (yaani maombi rasmi) za wananchi, hati, arifa za hoja. Usizidharau. Ardhilhali, kwa mfano, ni haki ya kila mtu kikatiba. Mwananchi wa Kwale mwenye malalamiko ya ardhi anaweza kuyafikisha ukumbini bila kuwa mwanasiasa, na kamati inayopewa jambo lake ina siku 60 kulishughulikia.

Kisha huja kauli, na hapa ndipo Seneti huchangamka. Tuseme wahudumu wa afya katika kaunti fulani hawajalipwa miezi mitatu. Seneta wa huko husimama kuomba kauli: anaitaka Kamati ya Afya ieleze kwa nini mishahara imekwama, fedha zilifika lini kwenye kaunti, na hatua gani zimechukuliwa. Hapo hapo wenzake kumi wanainuka. Kila mmoja anasema hali ya kwake ni hiyo hiyo, au mbaya zaidi. Spika hulazimika kuwakumbusha kwamba wana dakika chache tu. Mwingine anapaza sauti, "Hoja ya nidhamu, Bw. Spika!" na mara nyingi asemacho baadaye hakina nidhamu wala hoja. Lakini ukitaka kujua kaunti 47 zinaugua nini wiki hiyo, sikiliza kauli. Mimi ningekuwa na nusu saa tu ya kuifuatilia Seneti, ningeitumia hapo.

Lugha nayo ina sheria yake. Seneta anaweza kuzungumza Kiswahili, Kiingereza au Lugha ya Ishara ya Kenya, ila aliyoanza nayo ndiyo amalize nayo. Hakuna kuchanganya kama tunavyochanganya mtaani. Wapo walioanza kwa mbwembwe za Kiswahili wakajuta katikati ya sentensi.

Baada ya hapo ndipo tunafikia zile nambari zinazorukwa. Aghalabu ni miswada inayosubiri kupigiwa kura. Kuijadili si tatizo. Maseneta 15 wanatosha. Tatizo ni hesabu ya kura.

Seneti ina wanachama 67, ukimwacha Spika: 47 waliochaguliwa, mmoja kila kaunti, na 20 walioteuliwa na vyama, yaani wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu. Kwa jambo lisilohusu kaunti, kila mmoja wa hao 67 ana kura yake. Kwa jambo linalohusu kaunti, Katiba inabadilisha hesabu. Maseneta wote walioandikishwa kupiga kura katika kaunti moja huwa ujumbe mmoja, na ujumbe una kura moja. Anayeipiga ni kiongozi wa ujumbe, yaani seneta aliyechaguliwa, baada ya kushauriana na wenzake. Asipokuwepo, anaweza kumtuma mwingine wa ujumbe huo. Ndiyo sababu katika Hansadi (kumbukumbu rasmi za Bunge) ya kura kama hizo jina la seneta hufuatwa na la kaunti yake: si yeye aliyepiga kura, ni kaunti.

Ili mswada wa aina hiyo upite, zinahitajika kura za wajumbe wa kaunti 24, si wengi wa waliopo ukumbini. Sasa piga hesabu. Maseneta wateule ni 20 tu, kwa hiyo kaunti zisizopungua 27 zina ujumbe wa mtu mmoja. Huyo akiwa kwenye mazishi nyumbani, au kwenye kikao cha kamati nje ya Nairobi, kaunti yake haina wa kuipigia kura siku hiyo. Ukumbi unaweza kuwa na maseneta 30 na bado kura 24 zisipatikane, kwa kuwa wengi wao ni wateule ambao viongozi wao wa ujumbe wameketi pale pale karibu nao. Spika akitupa macho na kuona hazitimii, anaahirisha. Wiki ijayo nambari 8 hadi 11 zitarudi kwenye karatasi.

Kura hiyo moja kwa kila kaunti ina uzito usiolingana na idadi ya watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi na 143,920 Lamu. Mbele ya Seneti kura zao ni sawasawa. Mwaka 2020 jambo hilo lilifunga shughuli zote. Maseneta walitakiwa kupitisha fomula mpya ya kugawanya mapato baina ya kaunti. Upande mmoja ulitaka idadi ya watu ipewe uzito zaidi. Upande wa pili, hasa kaunti kubwa na kame za kaskazini na zile za Pwani, ulikataa kupokonywa mabilioni. Kikao baada ya kikao fomula iliwekwa kwenye orodha na kikao baada ya kikao ikakosa kura. Agosti 17 maseneta watatu walikamatwa na polisi, na shughuli za siku hiyo zikageuka kuwa swali moja tu: wenzetu wako wapi? Muafaka ulipatikana Septemba 17, baada ya serikali kuu kukubali kuongeza mgao kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370 katika mwaka wa fedha uliofuata, ili kaunti yoyote isipungukiwe.

Tofauti ya hesabu hizi mbili huonekana vizuri zaidi Seneti inapogeuka mahakama. Gavana akibanduliwa na bunge la kaunti, mashtaka huja Seneti, na hatima yake huamuliwa na kura za wajumbe wa kaunti. 24 zinatosha kumwondoa. Naibu Rais ni hesabu nyingine. Oktoba 2024, Rigathi Gachagua aliposhtakiwa, kila seneta, aliyechaguliwa na mteule, alipiga kura yake mwenyewe, na ilihitajika theluthi mbili ya wote, yaani 45. Alipatikana na hatia katika mashtaka 5 kati ya 11, na moja tu lingetosha. Seneta mteule aliyekaa kimya kesi ya gavana ikiamuliwa alikuwa, katika kesi hiyo, sawa na seneta yeyote.

Siku za namna hiyo ni chache. Nyingi huisha kimya. Kufikia saa kumi na moja jioni, viti vingi viko wazi na wamebaki wale wachache walioweka jina la kuchangia hoja ya nambari 17. Saa kumi na mbili u nusu ikigonga, Spika humkatiza anayesema, hata kama sentensi iko katikati, na kumwambia kwamba dakika nane zake zilizobaki atazipata hoja itakaporudi kwenye orodha.