Claire de Duras, kabaila aliyeandika bila kutia jina

Mwishoni mwa mwaka 1823, kitabu chembamba kilianza kupita mikononi mwa watu wachache wa Paris. Kiliitwa Ourika, na hakikuwa na jina la mwandishi. Msimulizi wake ni mtawa mweusi, mzaliwa wa Senegal, anayemweleza daktari chanzo cha maradhi yake.

Aliyekiandika alikuwa Claire de Duras, mke wa Duke wa Duras, aliyekuwa na cheo kikubwa katika nyumba ya Mfalme Louis XVIII. Kwa mwanamke wa ngazi hiyo, kuuza kitabu chenye jina lake ilikuwa aibu. Kusoma hadithi yake kwa sauti mbele ya wageni barazani, hapo hapakuwa na ubaya.

Alizaliwa Brest mwaka 1777. Baba yake, afisa wa jeshi la majini, aliunga mkono Mapinduzi ya Ufaransa, na Mapinduzi yaleyale yakamkata kichwa kwa gilotini Desemba 1793. Binti na mama wakakimbilia Philadelphia, kisha Martinique, kisiwa cha asili ya mama, kwenda kuokoa mali ya familia. Mali yenyewe ilitokana na jasho la watumwa. Jambo hili lisirukwe, kwani fedha hizo ndizo zilizomtunza ugenini hadi akaolewa London mwaka 1797.

Aliporudi Ufaransa aliishi katika kasri la Ussé, kisha Paris, ambako baraza lake lilivuta wanasiasa na waandishi. Chateaubriand, bingwa wa fasihi ya wakati ule, alikuwa akimwita dada. Lakini afya ilidhoofika, na bintiye mkubwa aliolewa mara ya pili bila ridhaa yake. Akajitenga na watu. Ndipo, kati ya 1821 na 1822, kalamu ikafunguka: riwaya kadhaa kwa mfululizo, kutoka kwa mtu aliyekwisha kupita miaka arobaini.

Ourika ilitokana na msichana wa kweli, aliyeletwa Ufaransa na gavana wa Senegal na kutolewa zawadi kwa jamaa zake, kama kasuku. Katika riwaya analelewa kwa mapenzi na elimu bora. Siku moja, akiwa nyuma ya kiambaza, anasikia mgeni akiuliza: nani atamuoa? Tangu hapo anaondoa vioo chumbani na kuvaa glavu ili asiione ngozi yake.

Kitabu kina doa. Ourika anawaonea haya watumwa walioasi Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, na hapo naisikia sauti ya tabaka la mwandishi kuliko ya msichana. Hata hivyo, Mwafrika anayesema "mimi" na kuwachambua waliomlea halikuwa jambo la kawaida katika riwaya za Ulaya. Kilipouzwa madukani mwaka 1824, bado bila jina, Paris ilipagawa. Hata utepe na nguo vikaitwa Ourika.

Riwaya nyingine, Olivier, kuhusu mwanamume mwenye siri inayomzuia kuoa, aliifungia. Mwaka 1826 mwandishi mwingine akachapisha riwaya yenye jina hilo, naye bila kujitaja, na watu wakadhani ni ya Claire. Claire alifariki Nice mwaka 1828. Olivier yake mwenyewe ilichapishwa mwaka 1971.