Nge mwekundu wa India: usimpime kwa ukubwa

Mgonjwa aliyeumwa na nge akifika analia kwa maumivu, moyo wangu hutulia kidogo. Anayenitia hofu ni yule aliyenyamaza, anatapika, jasho linamchuruzika, na ukimshika mkono umepoa kama maji ya mtungini. Hapo sumu imeshafika mbali.

Somo hilo nimelipata kwa nge mwekundu wa India, Hottentotta tamulus, mmoja wa nge hatari kuliko wote duniani. Kwa macho hatishi. Ana sentimita 5 hadi 9 tu, rangi ya kahawia iliyoiva wekundu, magando membamba kama njiti, ila mkia mnene. Tazama hayo mawili, magando na mkia. Nge mwenye magando manene kwa kawaida huyategemea kuminya mawindo. Mwenye magando membamba hutegemea sumu. Ndiyo maana lile jitu jeusi la kwetu Tanzania, Pandinoides cavimanus, lenye magando manene, linalokimbiza nyumba nzima, halinisumbui sana.

Sumu ya huyu mwekundu hushika milango ya sodiamu kwenye neva, yaani vijitundu vinavyopitisha madini hayo ili neva itume ujumbe, na kuizuia isijifunge. Neva zinapiga kelele bila kupumzika, na mwili unamwaga adrenalini na ndugu zake, homoni za mshtuko, kwa wingi. Mishipa inabana, shinikizo la damu linapanda, moyo unasukuma hadi unachoka, kisha mapafu yanajaa maji. Kwa wanaume na watoto wa kiume, uume husimama wenyewe. Msione haya kumwambia daktari, maana ni dalili kubwa. Watoto ndio huzidiwa haraka zaidi.

Kwenye pwani ya Konkan, magharibi mwa India, nge huyu hujificha chini ya mawe, matofali na magome ya miti, na wanaoumwa wengi ni wakulima na watoto wao. Daktari Himmatrao Bawaskar alifanya kazi huko, Mahad, na miaka ya 1980 alianza kuwapa wagonjwa prazosin, kidonge cha kushusha presha. Hakuwa na mashine kubwa. Alikaa kando ya kitanda, akapima, akaandika. Kidonge kile hulegeza mishipa ileile iliyobanwa na sumu, na vifo vikapungua sana. Mwaka 2011 yeye na mkewe, Pramodini, walichapisha utafiti wa wagonjwa 70: waliopewa prazosin pamoja na dawa ya kuua sumu, 32 kati ya 35 walikuwa wamepona ndani ya saa 10, waliopewa prazosin peke yake, 8 kati ya 35. Kila nikirudia hesabu hiyo nasisimka.

Kwa hiyo akiumwa mtu, msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Mtulizeni, mkimbizeni hospitali, na njiani mshikeni viganja. Vikianza kupoa, mwambieni mhudumu wa kwanza mtakayemkuta mlangoni, kabla hata ya kuandikisha jina.