Kebo Isiyokaa Sawasawa Kwenye Kamera: Dhana Potofu na Ukweli

Kebo iliyokuja na kamera ikipotea au ikikatika, wengi hununua nyingine ya mtengenezaji tofauti, na hapo ndipo malalamiko huanza: kichwa chake hakiingii hadi mwisho, au kinaingia lakini kinacheza, au kinakaa vizuri kabisa ila kompyuta haioni kamera. Malalamiko hayo matatu huchukuliwa kuwa tatizo moja, ilhali kila moja lina chanzo chake, na dawa ya moja ikitumiwa kwa jingine inaweza kuharibu kamera yenyewe.

Dhana: Kebo isiyoingia hadi mwisho ina kipimo kibaya, au kamera ina kasoro

Mara nyingi chuma cha kichwa kiko sahihi kabisa. Kinachozuia ni ganda la plastiki linalokizunguka. Matundu ya kamera huwa yamezama ndani kidogo ya bodi, chini ya kifuniko cha mpira, na kebo ya asili hutengenezwa ikiwa na ganda jembamba linaloweza kupita humo. Kiwango cha USB-C, kwa mfano, kinataka ganda lisizidi upana wa milimita 12.35 na unene wa milimita 6.5, lakini watengenezaji wanaotaka kebo yao ionekane imara huvuka mipaka hiyo bila wasiwasi. Simu haiathiriki kwa sababu tundu lake liko usawa na ukingo wa nje, halijazama, lakini kamera huathirika.

Uchunguzi wake ni rahisi. Ingiza kichwa taratibu mpaka kisimame, kisha kitazame kwa ubavuni ukiwa na mwanga wa kutosha. Ikiwa plastiki imegusa bodi au ukingo wa kifuniko cha mpira huku sehemu ya chuma ikiwa bado inaonekana, umempata mkosaji. Wakati mwingine inatosha kukivuta kifuniko cha mpira pembeni, kwa kuwa hupenda kurudi na kuisukuma kebo nje kidogo kidogo. Ikiwa haitoshi, ganda la plastiki laini linaweza kupunguzwa kwa wembe, kebo ikiwa imechomolewa pande zote mbili, ukikwangua upande unaogonga tu na kuacha kabla ya kuzifikia nyaya. Kwa ganda la alumini sishauri jambo hilo. Ni afadhali kutafuta kebo yenye kichwa chembamba.

Dhana: USB ndogo ni USB ndogo, zote zinaingiliana

Huu ndio uzushi ulioua matundu mengi. Kamera za miaka ya 2000 zilitumia sana kichwa kidogo cha USB kiitwacho Mini-B, chenye pini 5, lakini kamera nyingi ndogo za enzi hiyo zilikuwa na matundu ya pini 8 yaliyopitisha data pamoja na picha na sauti za kwenda kwenye televisheni. Kebo ya Nikon iitwayo UC-E6 ni ya kundi hilo. Ukiviweka vichwa hivyo viwili mezani, macho yanaweza kukudanganya. Ukilazimisha kimoja kwenye tundu la kingine, kiulimi cha ndani kinaweza kuvunjika. Baadaye ikaja Micro-B, iliyotangazwa mwaka 2007, ambayo ni nyembamba zaidi. HDMI, yaani kebo ya kupeleka picha na sauti kwenye skrini, nayo ina mkanganyiko wake: ya Mini ina upana wa takriban milimita 10 na ya Micro takriban milimita 6, zote zikiwa na pini 19. Tatizo ni kwamba HDMI ya Micro inakaribiana na Micro-USB kwa ukubwa, na kwenye kamera nyingi matundu hayo mawili hukaa jirani chini ya kifuniko kimoja.

Kwa upande mwingine, kuna kebo inayoonekana kutoenea tundu ilhali imekaa ipasavyo. Kamera kama Nikon D800 zina tundu pana la USB 3.0 lenye sehemu mbili, na Micro-B ya kawaida huingia kwenye sehemu iliyo kubwa zaidi na kufanya kazi kwa kasi ya USB 2.0, huku sehemu ya pili ikibaki wazi. Tundu la Sony liitwalo Multi nalo linapokea Micro-USB ya kawaida japokuwa umbo lake ni kubwa zaidi. Hapo hakuna cha kurekebisha.

Dhana: Kikicheza, tundu la kamera limekufa

Mara nyingi kilichochoka ni kebo. Waliobuni Micro-B waliweka kwa makusudi vijino na springi za kushikilia upande wa kebo, ili kinachochakaa kwanza kiwe kile kinachonunulika kwa urahisi, na tundu lake likakadiriwa kuhimili mizunguko 10,000 ya kuchomeka na kuchomoa, mara mbili ya Mini-B ya kawaida. Kwa hiyo jaribu kebo nyingine kabla ya kumpelekea fundi kamera. Jambo la pili la kutazama ni uchafu: nyuzi za nguo na vumbi hushindiliwa mwisho wa tundu kila unapochomeka, na kichwa kikakosa milimita moja ya kujishikia. Toa betri, tumia kijiti chembamba cha mbao au plastiki, kisha puliza kwa pampu ndogo ya mkono wala si kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu. Usitumie sindano. Ikiwa kebo kadhaa zinacheza na tundu lenyewe linatikisika ndani ya bodi, basi kweli soda, yaani risasi inayoshikilia tundu kwenye saketi, zimeachia, na hapo kazi ni ya fundi.

Dhana: Kikiingia vizuri, basi ndicho

Umbo ni jambo moja, nyaya za ndani ni jambo jingine. Mhandisi wa Google, Benson Leung, ambaye tangu mwaka 2015 alikuwa akipima kebo za USB-C zilizouzwa mtandaoni, aliharibikiwa na kompyuta yake Februari 2016 kwa kebo iliyoingia bila shida yoyote, lakini nyaya zake za umeme zilikuwa zimeunganishwa kinyume. Rezista yake, yaani kijenzi kidogo cha kuzuia umeme, nayo ilikuwa ya kiloomu 10 badala ya 56, kosa linaloweza kukifanya kifaa kivute umeme mwingi kuliko chaja inavyoweza kutoa.

Mifano isiyo ya hatari kiasi hicho ni mingi. Kebo za kuchajia tu hazina nyaya za data, kwa hiyo kamera itachaji bila kuonekana kwenye kompyuta. Kabla ya kuilaumu kebo, hata hivyo, hakikisha kamera imewashwa na kuwa mpangilio wake wa USB unaruhusu uhamishaji wa picha. Rimoti ya waya yenye jeki ya milimita 2.5 ya Canon hufanya kazi kwenye kamera nyingi za Pentax, kwa sababu zote hutumia mguso mmoja wa kufokasi, mwingine wa kupiga picha na wa tatu wa pamoja. Ukiichomeka kwenye Panasonic yenye tundu la kipenyo hicho hicho, haitafanya kazi, kwa kuwa Panasonic hutambua amri kwa thamani za rezista.

Plagi za mviringo za adapta za umeme ndizo zinazotaka uangalifu kuliko zote. Nyingi zina kipenyo cha nje cha milimita 5.5, lakini tundu la katikati huwa la milimita 2.1 au 2.5. Ya 2.1 haiwezi kuingia kwenye pini ya 2.5, na kosa hugundulika mara moja. Ya 2.5 huingia kwenye pini ya 2.1 kwa ulaini wa kutia moyo, kisha hukatakata umeme kila kebo inapoguswa, na kamera kuzimika katikati ya kurekodi. Hata kipenyo kikilingana, soma volti kwenye kibandiko cha adapta na mchoro mdogo unaoonyesha iwapo chanya iko katikati au nje. Kama mchoro haupo, pima kwa mita kabla ya kuiunganisha na kamera.